Burudani ya Nani?

Wako watu wanaosafiri mpaka Texas, Marekani, kutazama roketi tu. Tarehe 16 Januari 2025 walipiga makofi sana: sehemu ya chini ya Starship, ndefu kama meta 70, ilirudi ikadakwa na mikono ya chuma ya mnara. Ni ajabu kweli, sikatai. Na sehemu ya juu je? Ililipuka angani! Ndege za abiria zikageuzwa njia. Siku ileile Elon Musk mwenyewe aliandika ya kwamba kufaulu hakuna hakika, lakini burudani haikosi. Burudani ya nani? Katika visiwa vya Turks na Caicos gari liliharibiwa, na wenyeji wakaokota mabaki pwani kwao.