Shukrani Yenye Macho

Neno asante tulilitwaa kwa Waarabu, na kwao ahsanta maana yake ni "umefanya vyema". Basi kila asemaye asante anatoa ushuhuda kwamba ameiona kazi na ameipima. Lakini tazama tunavyolitamka siku hizi: sahani imeletwa, asante, kondakta amerudisha chenji, asante, na macho hayajatoka kwenye simu. Shahidi asiyeona kitu anashuhudia nini?

Chukua wali na samaki wa nazi. Mchele umechaguliwa mawe punje kwa punje. Nazi imekunwa juu ya mbuzi mpaka bega likauma, machicha yakakamuliwa, tui jepesi likatangulia chunguni na kasimile ikawekwa kando kungoja mwisho. Kisha mpishi akasimama motoni akikoroga, maana akigeuka kidogo tu tui litakatika. Kazi hiyo yote tunaimaliza kwa dakika kumi, na tukifungua kinywa ni kuuliza chumvi iko wapi. Nami nimekula hivyo miaka mingi nyumbani kwa mama yangu, na kila nikikumbuka naona haya. Ningemwambia tu, "Mama, leo tui limekolea," angejua kuwa mkono wake umeonekana.

Injili ya Luka inasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa. Aliyerudi kushukuru ni mmoja, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Alirudi alipoona kuwa amepona. Wale tisa pia walipona, ila miguu yao iliendelea na safari. Na madrasani watoto wetu hufundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Katika jambo hili wazee wetu wa pande zote mbili wanakubaliana.

Najua wapo watakaonijibu kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ni kweli, lakini tujiulize ni sifa ya nani iliyomharibu mgema. Ni ya mnywaji asiyeonja, asifuye kwa mazoea. Anayeonja kweli atayatambua maji kwenye funda la kwanza, na mgema anajua hivyo. Sifa ya mtu wa namna hiyo humfanya fundi aongeze bidii.

Tena asante isigeuzwe kuwa mshahara. Dada wa kazi anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu hawezi kutuma maneno matamu kijijini kwao. Mlipe kwa tarehe mliyokubaliana, mpe siku yake ya kupumzika, ndipo umshukuru. Ukimshukuru bila kumlipa umemdhulumu mara mbili.

Kwetu Dar es Salaam, kabla jua halijachomoza, akina mama huwa wamekwisha inama kandokando ya barabara na fagio zao, wakikusanya mchanga. Tunawapita kwenye daladala tukidhani wanapamba mji tu. Mchanga ule usipozolewa huishia mtaroni, na mtaro ukiziba, maji ya masika huingia sebuleni kwa watu. Siku moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilisimama mbele ya mmoja wao.

"Shikamoo, mama. Hongera kwa kazi. Usiku maji hayakuingia kwetu."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akanyoosha mgongo na kuegemea ufagio. "Kwenu ni nyumba ipi?"

Nikamwonyesha. Aliitazama kitambo, ukuta, mlango, mpaka kizingiti kilichokuwa kikavu, kisha akaniuliza kama tuna watoto wadogo. Nikamwambia wapo wawili, bado wamelala.

"Haya," akasema, "waache walale." Akainama tena.