Kuziba Mzizi Siyo Mwisho wa Safari

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya kutumiana meseji na michango ya harusi, tuongelee jino. Najua utasema, "Sasa jino linaingiaje kwenye mapenzi?" Linaingia sana tu. Muulize yeyote aliyekesha na mwenzake anayeugulia gego.

Siku hizi wengi wetu hatukimbilii kung'oa. Gego likioza mpaka ndani, daktari anapiga ganzi, anatoa kiini kilichooza, anasafisha njia za mzizi halafu anazijaza. Mara nyingi anazijaza kwa gatapecha, kitu cha jamii ya mpira kinachotokana na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki. Madaktari wanaitumia tangu karne ya 19. Maumivu yakiisha mtu anarudi kazini akitabasamu, na kwake habari imekwisha. Kumbe bado!

Wengi tunadhani kile kilichojazwa mle ndani kinalipa jino nguvu, kama nondo na zege kwenye nguzo. Siyo hivyo. Gatapecha haishikamani na kuta za mzizi. Kazi yake, pamoja na gundi inayowekwa nayo, ni kuziba nafasi ili bakteria wasirudi.

Wataalamu walijaribu kutafuta kitu cha kuukaza mzizi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa maabara ulioonyesha kwamba mizizi iliyojazwa Resilon, iliyotengenezwa kwa plastiki, ilistahimili mgandamizo kuliko ile ya gatapecha. Watu wakashangilia. Tafiti nyingine zilizofuata hazikuona nafuu hiyo, ikagundulika pia kwamba chenyewe kinaweza kuozeshwa na vimelea. Leo kimeshapotea sokoni.

Sasa nguvu ya jino iko wapi? Iko kwenye jino lenyewe lililobaki. Mwaka 1989 watafiti Reeh, Messer na Douglas walipima meno maabara. Tiba ya mzizi peke yake ilipunguza ukakamavu wa jino kwa asilimia 5 tu. Lakini tundu kubwa lililokata jino kutoka upande wa mbele hadi wa nyuma liliupunguza kwa asilimia 63! Kwa hiyo anayelidhoofisha jino zaidi ni ule uozo ulioachwa ukale kuta zake.

Na mzizi ukipasuka kwa urefu, mara nyingi hakuna cha kuziba tena. Ni kung'oa tu, pesa yote ya matibabu imeliwa.

Ndiyo maana daktari akikwambia gego livikwe kofia, usidhani anakutafutia bili. Utafiti wa mwaka 2002 ulikuta kwamba meno yaliyotibiwa mzizi yakaachwa bila kofia yalipotea kwa kiwango cha mara 6 kuliko yaliyovikwa. Jino la mbele ambalo halijaliwa sana linaweza kupona bila kofia, ila muulize daktari.

Halafu kuna wale wanaowekewa dawa ya muda wakapotelea mitaani. Dawa ya kalsiamu haidroksaidi ikikaa muda mrefu inaweza kuudhoofisha mzizi. Kwenye jaribio la meno machanga ya kondoo, mwaka huohuo wa 2002, nguvu ilishuka kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja.

Sasa nyie wapenzi, kaeni chini mpange. Kabla jino halijaguswa, muulizeni daktari gharama yote, kuanzia kusafisha mpaka kofia, na mwulize kila hatua itakuwa lini. Kama mfuko haujakaa vizuri, mwambieni mapema muone mtalilindaje kwa muda. Na mwenzako akisema, "Aah, haliumi tena, hiyo hela tukale bata," mkumbushe kwa upole kwamba jino lililotolewa kiini halina tena neva ya kumpigia kelele. Linaweza kuharibika kimyakimya.

Tukutane mwezi ujao!