Divas hawakuwa dhaifu, walipewa dakika mbili



Wiki hii piko na singo tumeviweka kando. Tunazungumza mieleka. Ile ile ya Marekani, ya WWE, yenye mataa, muziki wa kuingilia na wanaume wenye vifua kama milango ya Mji Mkongwe. Kila tukiigusia kuna shoga anayetuuliza tumeingiwa na nini. Hatujaingiwa na kitu. Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye kaka, na katika nyumba yenye kaka wanne rimoti huishiki. Unakaa chini, unatazama wanachotazama wao, na siku si nyingi unajua majina yote na unabisha kuliko wao.

Kilichotuchokoza ni kauli inayorudiwa na mashabiki kila ikitajwa mieleka ya wanawake: kwamba miaka ya 2008 mpaka 2015 ilikuwa mibovu kwa sababu wanawake wa wakati ule hawakujua kitu, walikuwa warembo wa kupiga picha tu. Kwamba miaka ile ilikuwa mibovu, hapo hatubishi. Tuliitazama, tunaijua. Tunachobisha ni hiyo sababu.

Tuanze na mkanda. Julai 2008 kampuni ilitoa ubingwa mpya kwa ajili ya wanawake wake, ambao ilikuwa inawaita Divas. Michelle McCool alimshinda Natalya akawa bingwa wa kwanza. Mkanda wenyewe katikati ulikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya waridi. Wanaume mikanda yao mipana ya rangi ya dhahabu, wanawake kipepeo. Kipepeo anapendeza kwenye gauni la mtoto siku ya Iddi. Kiunoni mwa mtu mzima aliyevunjika mbavu kumtafuta, hapo unajiuliza aliyeuchora alikuwa anamfikiria nani. Miaka miwili baadaye, Septemba 2010, ubingwa wa zamani wa wanawake, ambao kampuni iliuhesabu tangu mwaka 1956, uliunganishwa na huu wa kipepeo, na wa zamani ndio uliozikwa.

Sasa kwa asiyeifahamu mieleka hii, kuna jambo la kujua kabla hatujaendelea. Mshindi hupangwa kabla. Maumivu ni ya kweli, kuanguka ni kwa kweli, lakini nani atashinda, kwa namna gani na baada ya dakika ngapi, hayo yameandikwa ofisini. Timu ya mpira ikiwa mbovu unaweza kuwalaumu wachezaji. Katika mieleka, pambano la dakika mbili limekuwa la dakika mbili kwa sababu mtu mwenye kalamu aliandika dakika mbili. Na miaka ile mwenye kauli ya mwisho juu ya kalamu hiyo alikuwa Vince McMahon.

Basi wakaandikiwa dakika mbili. Tatu, siku ya bahati. Wanaingia, wanavutana nywele, mmoja anabanwa mabega chini, refa anapiga tatu, kwaherini. Mashabiki wa Marekani wakaziita dakika za kwenda msalani. Hata sikukuu yao kubwa, WrestleMania, haikuwanusuru. Aprili 2013 kulikuwa na pambano ambalo mapacha wa Bella walikuwa wamepangwa ndani yake; muda ukawa mfupi, pambano likafutwa usiku ule ule. Mwenye kuwahi kumvisha na kumpamba bi harusi, kisha ukumbi ukasema saa zimekwisha, atawaelewa wale mabinti.

Lakini kama kuna usiku mmoja tusioweza kuusamehe, ni WrestleMania ya 25, Houston, Aprili 5, 2009. Walikusanywa wanawake 24, wa wakati huo na wa zamani waliorudishwa kwa heshima ya robo karne. Mashabiki walitarajia kila mmoja aingie kwa muziki wake, watu wampigie makofi. Badala yake Kid Rock alikuwa anaimba, na wote wakaingia kwa pamoja wakati wa nyimbo zake, kama wapambe. Kisha wakatupana nje ya kamba mmoja mmoja mpaka akabaki mshindi, na mshindi huyo akawa mwanamume aliyevaa gauni. Santino Marella, aliyejifanya dada yake pacha, Santina. Hiyo ndiyo hadithi walioona inawafaa wanawake 24. Tulikuwa tunacheka vipindi vingine vya Santino, tusifanye unafiki, jamaa alikuwa mchekeshaji kwelikweli. Usiku ule hakukuwa na la kuchekesha.

Mwisho wa mwaka huohuo wakaja na kisa cha Mickie James. Mickie alikuwa bingwa mara kadhaa, mwepesi ulingoni, anapendwa. Michelle McCool na Layla wakapewa kazi ya kumcheka mwili. Wiki baada ya wiki, mbele ya maelfu ya watu, wakamwita nguruwe. Na Mickie alikuwa na mwili wa mwanamke yeyote mwenye afya! Ikafika Januari 2010, wakamwandikia kisasi: akamshinda Michelle na kuchukua ubingwa kwa sekunde kama 20. Kuna mashabiki wanaosema haki ilitendeka. Miezi ya matusi, fidia ya sekunde 20, na ilipofika Aprili mwaka ule Mickie akaachishwa kazi. Haki ya aina hiyo hata dukani hairudishiwi chenji.

Tunalikaza hili kwa sababu mabibi harusi wanaotusoma wanalijua kwa sura nyingine. Mwari anapimwa gauni, na shangazi mmoja kwenye kiti anauliza ataingiaje mlangoni. Watu wanacheka, naye anacheka, kisha usiku hali chakula. Anayesema "ni mzaha tu" ni yule asiyefanyiwa. Layla na Michelle hatuwachukii, wao walipewa karatasi wakasoma. Tatizo ni kwamba kulikuwa na chumba kizima cha watu wazima, na hilo ndilo walilodhani litatufanya sisi wanawake tutazame.

Sasa turudi kwenye ile kauli kwamba hawakujua kitu. Gail Kim ndiye wa kumuuliza. Alitoka WWE, na Oktoba 2007 kampuni nyingine, TNA, ilipoanzisha ubingwa wake wa wanawake, yeye ndiye akawa bingwa wa kwanza. Halafu akakutanishwa na Awesome Kong, mwanamke mkubwa kweli, wa kutisha, na wakaachiwa muda wapigane. Mapambano yao yakawa miongoni mwa vitu vilivyopendwa zaidi katika kipindi kile kizima, kuliko ya wanaume wengi. Gail huyohuyo akarudi WWE, na huko akawa hana maana tena. Agosti 1, 2011 akaambiwa kwamba katika pambano la wengi la usiku ule atolewe ndani ya dakika ya kwanza. Kengele ikalia, akapita chini ya kamba, akatoka mwenyewe. Kamera hazikumshughulikia hata. Baadaye akatangaza kwamba anaacha kazi, akarudi alikotoka.

Mtu mmoja, mikono ileile. Kule nyota, huku takataka.

Na kama Gail hatoshi, yupo Natalya, ambaye tukiri tunampenda kupita kiasi. Huyu ni binti wa ukoo wa Hart wa Calgary, Kanada. Babu yake, Stu Hart, alifundisha wacheza mieleka katika chumba cha chini cha nyumba yake, chumba mashuhuri, na sauti za waliokuwa wanalia mle zimekuwa hadithi. Baba yake mcheza mieleka, wajomba zake wacheza mieleka. Mwanamke aliyezaliwa ndani ya kazi hii. Mwaka 2008 alikuwemo katika pambano la kwanza la ubingwa wa kipepeo, mwaka 2010 akaushika. Na mapema mwaka 2012 mjuzi huyu, mjukuu wa Stu Hart, aliandikiwa kisa cha kutoa hewa mbele za watu. Ndiyo, mlivyosoma ndivyo. Wiki kadhaa kisa chake kilikuwa hicho, sauti inatoka, wenzake wanaziba pua. Alifanya. Hakususa, alifanya kazi aliyopewa, akaenda nyumbani.

Miaka miwili baadaye, Mei 29, 2014, katika NXT, kipindi cha WWE cha kulea vijana, Natalya alipangwa na Charlotte, binti wa Ric Flair, kugombea ubingwa uliokuwa wazi. Wakapewa zaidi ya dakika 15. Mle ndani mna kila kitu: kukamatana chini, kufunguana, kukaziana, mchoko unaouona usoni, na Bret Hart na Ric Flair wamesimama pembeni kila mmoja na binti wa ukoo wake. Natalya alishindwa usiku ule na hakuna aliyemcheka. Alikuwa ni yuleyule wa 2012. Kilichobadilika ni saa iliyokuwa ukutani.

Ndani ya kampuni kubwa mambo yalichelewa. Februari 23, 2015, mapacha wa Bella walikutana na Paige na Emma, wanawake wanne wenye uwezo, na pambano likaisha kwa sekunde kama 30. Hapo watu wakachoka. Twitter ikajaa ujumbe mmoja duniani kote, wapeni Divas nafasi, siku nzima na zaidi. AJ Lee, aliyewahi kuushika mkanda wa kipepeo siku 295 mfululizo, alimwandikia Stephanie McMahon hadharani kwamba wanawake wa kampuni yake wanauza bidhaa na kupata mapambano yanayopendwa, ilhali wanapata sehemu ndogo ya malipo na ya muda wanaopewa wanaume. Vince akajibu kwamba wamesikia, watu waendelee kutazama. Tunavyoona sisi, AJ ndiye aliyesema jambo zima: muda na pesa. Mengine ni mapambo. Aprili akastaafu.

Julai ile wakaletwa Charlotte, Becky Lynch na Sasha Banks. Aprili 3, 2016 kipepeo akastaafishwa, na jina la Divas likaondoka naye. Aprili 2019 wanawake wakafunga WrestleMania kwa mara ya kwanza. Habari hizo mnazijua, zimesimuliwa mno, na WWE yenyewe huzisimulia kana kwamba iliwaokoa wanawake kutoka kwa adui asiyejulikana. Adui alikuwa na ofisi kwenye jengo lao.

Tunajua kuna swali limewakaa midomoni: na nguo zao je? Hatulikwepi. Kabla ya 2008 WWE ilikuwa na mapambano ambayo mshindi ni aliyemvua mwenzake akabaki na nguo za ndani. Mwaka 2008 kampuni ikajigeuza kuwa ya kutazamwa na familia, uchafu ule ukaachwa. Ungedhani heshima ingefuata. Haikufuata. Walifunikwa kidogo zaidi, na muda wakanyimwa vilevile. Hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaodhani mwanamke akishasitiriwa basi haki yake imekamilika.

Halafu tazama upande wa pili. Aprili 2018 WWE ilikwenda Jeddah na Novemba ikaenda Riyadh, na mara zote mbili wanawake hawakupanda ulingoni. Ile ya Novemba ilikuja siku tano tu baada ya Evolution, usiku wao wa kwanza wa wanawake watupu, New York. Oktoba 31, 2019, Riyadh, likapigwa pambano la kwanza la wanawake la WWE katika ardhi ya Saudi Arabia: Lacey Evans na, nani mwingine, Natalya. Walivaa mavazi meusi ya kubana yaliyofunika mikono na miguu, na fulana juu yake. Kwa kipimo chetu hiyo si stara kamili, na hatuiiti hivyo. Lakini waliruka, wakabana, wakafungua, na walipomaliza wakakumbatiana na kuzunguka kuwasalimia mashabiki. Mwaka huohuo, Julai, Nor Diana wa Malaysia, anayejiita Phoenix, alichukua ubingwa wa Malaysia Pro Wrestling akiwa na hijabu yake kichwani, na aliowashinda walikuwa wanaume. Tunaotazama tuna maoni tofauti juu ya mwanamke kupigana na wanaume, na tumebishana wenyewe kwa wenyewe mpaka chai ikapoa. Ila hakuna aliyethubutu kusema kitambaa kilimzuia kitu.

Kwa hiyo msikilizapo mtu akiwasema Divas, muulizeni aliwahi kuwaona wakipewa dakika ngapi. Hata mapacha wa Bella, ambao ni desturi kuwadharau, Nikki aliushika mkanda ule siku 301 na kila mwaka alikuwa bora kuliko uliopita. Wapo waliokuja kupitia mashindano ya urembo ya kampuni, kama Layla na Eve Torres, wakajifunza wakiwa kazini mbele ya kamera, dakika mbili kwa wiki. Jaribuni kujifunza kupika biriani kwa dakika mbili kwa wiki.

Anayetaka kuonja, aanze na Natalya na Charlotte, Mei 2014, kisha Bayley na Sasha Banks, Brooklyn, Agosti 2015. Wekeni chai pembeni na leso karibu, hasa hilo la Brooklyn. Santina mwacheni hukohuko Houston.