Kano ya Goti: Hatari Inayomfuata Mgonjwa Hadi Nyumbani

Upasuaji wa kubadilisha goti haumlazimu tena Mtanzania kusafiri nje ya nchi. Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996, huufanya jijini Dar es Salaam. Kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo mkoani Kagera, hata hivyo, mtihani mgumu huanza anaporuhusiwa kurejea nyumbani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa daktari aliyemhudumia.

Miongoni mwa madhara ya upasuaji huo ni kukatika kwa kano inayounganisha msuli wa paja na pia ya goti, au ile inayounganisha pia hiyo na mfupa wa muundi. Tafiti za kimataifa zinaonesha kuwa hali hiyo huwapata chini ya wagonjwa 3 kati ya 100. Uchache huo haupunguzi uzito wake, kwa kuwa kano ikikatika kabisa mguu hauwezi kunyooshwa, na goti jipya hukosa nguvu ya kumbeba mwenyewe.

Walio hatarini zaidi ni wenye kisukari, ugonjwa sugu wa figo au baridi yabisi, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na waliowahi kupasuliwa goti hilo hilo. Kuanguka pia ni chanzo. Kushona kano pekee mara nyingi hakutoshi; hulazimu kuiimarisha kwa kipandikizi, kisha mguu ukae umenyooshwa kwa wiki kadhaa. Kadiri mgonjwa anavyochelewa, ndivyo matengenezo yanavyokuwa magumu.

Katika vijiji vya Wasubi, ambako mkulima hupanda na kushuka vilima kufuata shamba, kishawishi cha kushika jembe mapema ni kikubwa. Goti likilegea ghafla, likivimba, au mgonjwa akishindwa kuinua mguu ulionyooka, hapaswi kukandwa. Awahi hospitali ya wilaya, ambayo inaweza kumpeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato au Bugando, Mwanza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelenga kuondoa kikwazo cha gharama. Kilichobaki ni taarifa: mgonjwa anaporudi kijijini, maelezo ya upasuaji na ratiba ya mazoezi tiba yamfikie pia mganga wa wilaya yake. Bila hayo, atakayempokea siku ya dharura atakuwa anaanza upya.