Staa Huyu wa Bollywood Aliacha Cannes Akagoma Kula kwa Sababu ya Watu wa Mabati. Wetu Walikuwa Wapi Kibera Ikibomolewa?

Kama umewahi kuingia kwa kibanda cha muvi Kawangware, unajua vile muvi za Kihindi huwa. Unalipa mbao, unabanana na wasee kwa benchi, na DJ anakutafsiria kila kitu kwa sauti yake, mpaka vitu ambavyo hata haviko kwa hiyo muvi. Stelingi hafi. Na dame wake kazi ni kudansi kwa mvua na kungoja kuokolewa.

Sasa kuna mama mmoja huko India ambaye hakuingia kwa hiyo boksi. Anaitwa Shabana Azmi. Kama ulicheki Rocky Aur Rani Kii Prem Kahaani ya 2023, yule shosho aliyepigana busu na Dharmendra hadi mtandao ukashika moto, ni yeye. Kama wewe ni wa Halo, yule Amiri Parangosky pia ni yeye. Lakini stori yenye inatuhusu sisi wa Nairobi ni ya 1986, na haikufanyika kwa skrini.

Kwanza ujue ametoka wapi. Alizaliwa 1950. Babake, Kaifi Azmi, alikuwa mshairi na mkomunisti kabisa, mamake Shaukat alikuwa mwigizaji wa jukwaa. Akiwa mtoto waliishi Bombay kwa nyumba ya chama iliyoitwa Red Flag Hall. Familia nane, kila moja chumba chake kimoja, na choo kimoja cha wote. Kama umekulia ploti ya Gatina ama Laini Saba, hiyo hesabu ya choo huhitaji kuelezewa. Baadaye, akiwa bado msichana, alihustle miezi mitatu akiuza kahawa kwa petroli stesheni, akilipwa rupia 30 kwa siku.

Akaenda chuo cha filamu cha Pune, na 1974 akatoka na Ankur, muvi yake ya kwanza kuonyeshwa, akicheza mfanyakazi wa nyumbani wa kijijini. Akabeba Tuzo ya Taifa hapo hapo. Kisha akafanya kitu noma: akachukua hiyo tuzo miaka mitatu mfululizo, kwa Arth, Khandhar na Paar. Ya tano ikaja na Godmother ya 1999. Kwa Paar anacheza mwanamke mjamzito, maskini wa mwisho, ambaye yeye na bwanake wanalipwa kuvusha kundi la nguruwe mtoni wakiogelea. Itafute. Utatoka hapo umechoka kama wewe ndiye ulikuwa kwa maji.

Wengi wangeishia hapo. Unaigiza maskini, unapewa tuzo, unaenda home kwa gari nzuri. Na hapa Kibera tunaijua hiyo vizuri. The Constant Gardener ilishutiwa hapa, Rachel Weisz akashinda Oscar yake 2006. Kusema ukweli, wale waliiunda mfuko wa kusaidia mahali walishutia, na si kila mtu hufanya hata hiyo. Lakini kamera huja, mtaa unakuwa mandhari, kamera zinaenda.

Sasa 1986. Serikali ya huko ilibomoa mtaa wa mabanda ulioitwa Sanjay Gandhi Nagar, karibu na Cuffe Parade, sehemu ya mabwenyenye Bombay. Wakati huo Shabana alikuwa aende Cannes, kwa sababu muvi yake Genesis ya Mrinal Sen ilikuwa inashindana huko. Hakwenda. Alikaa chini na wakazi, pamoja na mtengenezaji filamu Anand Patwardhan na wengine, akagoma kula. Babake alimtumia telegramu ya kumtakia heri, akimwita komredi. Hapo ndio unaona malezi.

Cheki vile waliicheza, kwa sababu hapa ndio kuna funzo la siasa. Hawakudai serikali iwe na huruma. Walidai kitu kimoja kinachopimika: ardhi mbadala. Mgomo uliendelea siku tano, na serikali ikakubali kuwapa watu ardhi Goregaon. Ni mbali na kazi zao, ndio, na si ushindi wa asilimia 100. Lakini ni ardhi, si unga wa kilo mbili na picha. Pia hakutoweka. Aliendelea na Nivara Hakk, shirika la kupigania makao, miaka na miaka, mpaka maelfu ya familia zikapata nyumba huko Chandivali. 1997 akaingia bunge la juu kwa kuteuliwa.

Kuna watu huko humwita mwanaharakati wa sebuleni. Sawa, mama ako na doh, na wakazi ndio walikuwa wamepoteza keja. Kulala njaa kwa kuchagua si sawa na kulala njaa kwa sababu mfuko ni mtupu. Mimi nasema hiyo si hoja. Jina lake ndilo lilileta kamera, na safari hii kamera zikaelekezwa kwa mtu mwenye mamlaka.

Rudi nyumbani. Tarehe 23 Julai 2018, asubuhi, tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu karibu 30,000 walibaki bila makao, na shule kadhaa zikaenda chini. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao ya staha. Sheria ya ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya miezi mitatu. Wewe unakumbuka staa gani aliyeahirisha shoo wiki hiyo? Mimi nimekaa nikawaza, sijapata jina.

Usidhani nawachukia. Msanii wa hapa hana mshahara, shoo za serikali na za wanasiasa ndizo hulipa rent, na ukiongea sana simu inaacha kulia. Juni 2024, wakati wa mswada wa fedha, Gen Z waliwaita mastaa kwa majina huko X, na wengine wakajitokeza barabarani. Hiyo ilikuwa tofauti. Lakini ushuru uligusa kila mtu mwenye simu. Keja ikibomolewa, inaguswa tu ya yule wa mabati.

Kwa hivyo next time staa akija kushuti video Kawangware na mbogi ya mtaa nyuma yake, mpigie makofi kama ngoma ni kali. Halafu chukua namba ya menejimenti yake. Uihifadhi. Siku tingatinga itapaki hapo stage, utampigia umwambie location ni ile ile.