Elimu na Malezi: Vijana Wetu na Kiingereza cha Kusema



Wazazi kadhaa wametuletea malalamiko juu ya vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu vya hapa Maryland, Virginia na Washington penyewe: wanafaulu mitihani ya kuandika, lakini hufunga midomo pale wanapotakiwa waseme. Tuanze na kisa cha kijana mmoja wa jamaa zetu, aliyetoka Dar es Salaam akiwa na alama nzuri za Kiingereza. Katika somo moja, sehemu ya alama ilitolewa kwa kuchangia mjadala. Yeye alikaa muhula mzima bila ya kutamka neno, akapunguziwa alama, na nusura apoteze ufadhili wake. Mama yake alipomuuliza sababu, alijibu kwamba kila alipokwisha kuipanga sentensi kichwani mpaka ikawa sahihi, wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia jambo jingine.

Jibu hilo limetushughulisha sana. Kijana huyu hakupungukiwa na sarufi. Alifunzwa kwamba sentensi huandaliwa kwanza, kisha hutolewa ikaguliwe. Katika shule za msingi za serikali huko Tanzania masomo ni kwa Kiswahili; mtoto akiingia kidato cha kwanza hubadilishiwa lugha ghafla. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliichunguza hali hiyo wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Walakini wakashauri lugha hiyo iendelee kutumika. Mwanafunzi wa namna hiyo hujifunza kunakili ubaoni na kukariri. Kusema ni kujitia hatarini, maana akikosea huchekwa. (Wenzetu waliosoma Kenya hawajakisahau kile kibao alichovishwa shingoni aliyesikika akisema lugha ya kwao.) Hata mtihani wa TOEFL ulipoongezewa sehemu ya kusema mwaka 2005, mtahiniwa alizungumza na mashine, isiyomkatiza wala kumuuliza ana maana gani.

Basi dawa ni nini? Mwaka 1979, kule Bangalore, kusini mwa India, mwalimu N. S. Prabhu na wenzake walianza jaribio lililoendelea mpaka 1984. Waliacha kufundisha somo la kitenzi leo na la kihusishi kesho. Wanafunzi walipewa ramani au ratiba ya treni, wakaulizwa: mtu akitaka kufika mji fulani kabla ya adhuhuri, apande treni ipi? Akili zilishughulika na safari, na lugha ikafuata kwa kuwa kazi iliihitaji. Inafaa tuseme kwamba Prabhu hakupenda kuwagawa wanafunzi katika vikundi, akichelea wasiambukizane makosa. Katika hilo hatukubaliani naye, angalau kwa vijana wa chuo kikuu, kwani huko mijadala na kazi nyingi ni za vikundi.

Anayetufaa zaidi alikuwa jirani yetu. Profesa Michael Long alifundisha Chuo Kikuu cha Maryland, College Park, tangu mwaka 2003, akafariki mwaka 2021. Katika kitabu chake cha mwaka 2015 alisisitiza kwamba kabla ya kumfundisha mtu lugha, uulize kwanza atakwenda kufanya nini nayo. Vijana wetu wana mahitaji yanayojulikana: kumwendea mwalimu ofisini na kumwomba muda zaidi, kueleza matokeo ya maabara, kumpinga mwenzao katika kikundi bila ya kumvunjia heshima. Hizo ndizo kazi za kufanyia mazoezi. Long aliona pia kwamba mtu hufaidika sana pale anapokwama: mwenzake hakuelewa, anauliza, naye analazimika kuligeuza neno mpaka lieleweke. Sarufi hakuitupa. Kosa likizuka katikati ya kazi, hurekebishwa papo hapo kwa ufupi, kisha kazi ikaendelea.

Nasi tumejaribu, siku za Jumamosi baada ya adhuhuri, mabinti na kundi lao na wavulana na lao. Kazi ya kwanza ilikuwa ya treni za Metro. Mmoja alishika ramani asimwonyeshe mwenzake. Mwenzake akashika tangazo tulilolitunga sisi, kwamba treni zitapita Fort Totten bila ya kusimama. Wafike vipi College Park kutoka Silver Spring? Wengi walisema haiwezekani. Binti mmoja, ambaye hatujapata kumsikia akisema Kiingereza mbele ya watu, akang'ang'ania kwamba unaendelea na njia nyekundu mpaka Gallery Place, kisha unarudi kwa njia ya kijani. Alikosea vitenzi vitatu au vinne, na hakuna aliyevihesabu ila mhariri huyu.

Tusifiche kasoro. Juma la kwanza, dakika ya pili haikufika kabla ya wote kurudi katika Kiswahili, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Tangu hapo tunawaalika vijana wa Kisomali, wa Kihabeshi na wa Senegali tunaosali nao, na Kiingereza kimekuwa cha lazima, si cha maonyesho.

Kuna wazazi waliosikia habari hii wakaamua kuzungumza Kiingereza nyumbani wakati wa chakula. Tunawaomba waache. Kijana hakosi Kiingereza kwa sababu ya Kiswahili cha mama yake, na watoto wadogo tayari wanawajibu nyanya zao simuni kwa maneno mawili matatu tu.

Kijana tuliyeanza naye sasa huja kila Jumamosi. Juzi aliigiza kumwomba profesa siku tatu zaidi. Aliyeigiza uprofesa ni baba mmoja dereva wa teksi, akamkatalia mara mbili, naye akarudi mara ya tatu na sababu nyingine. Jumatatu yake alikwenda kwa profesa wa kweli, akapewa siku mbili.

Kwa kikao kijacho, kila familia ilete bili moja ya simu au ya umeme yenye jambo la kulalamikia. Majina na nambari zifutwe kwanza.