Springi za Motokaa ya Babu

Kijana mmoja wa Balangdalalu amerithi motokaa ya babu yake, Peugeot 404, namna ile iliyoundwa Ufaransa tangu 1960 hata 1975. Sasa ataka kuishusha. Ameona mjini motokaa za zamani zilizolala chini, karibu kugusa lami, naye amezipenda. Fundi amemwambia kazi yenyewe ni ndogo: springi zikatwe kwa msumeno, mzunguko mmoja mmoja, basi. Ameniuliza kama akubali.

Usikubali, mwanangu. Na wewe msomaji mwenye motokaa ya namna hiyo, usikubali.

Kwanza tujue kazi ya vyuma hivi, maana wengi huvichanganya. Springi ndiyo ibebayo uzito. Shokapu haibebi, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ndani yake mna pistoni iendayo katika mafuta, nayo mafuta hupita kwa shida katika vitundu vyembamba. Shida hiyo ndiyo itulizayo motokaa. Jaribu hivi: kandamiza pembe moja ya bodi kwa nguvu, kisha uiachilie. Ikipanda mara moja ikatulia, shokapu ni nzima. Ikichezacheza kama mtumbwi, imekwisha. Ukiona mafuta yamechuruzika nje, huna haja hata ya kujaribu.

Springi iliyokatwa huwa fupi, kweli, lakini huwa ngumu pia, kwa kuwa mizunguko iliyobaki ni michache. Tena ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake. Gurudumu likining'inia juu ya korongo, springi yaweza kulegea na kutoka mahali pake. Wengine hawakati, huichoma kwa moto hata ilale. Huyo ameua chuma chenyewe, kwani moto huondoa ule ukakamavu kiliotiwa kiwandani. Hapo usukani haumsikilizi tena dereva, na ndani wamo mama na watoto.

Atakaye kushusha kwa haki, anunue springi zilizoundwa fupi kwa motokaa ile ile, na shokapu za kulingana nazo. Shokapu ndefu juu ya springi fupi hukaa karibu na mwisho wake, na kila shimo huigonga hata ipasuke. Mbele ya 404 shokapu imo katikati ya springi. Kuzitenganisha kwataka kifaa cha kubania, maana springi iliyobanwa ikifyatuka yaweza kuua mtu. Fundi asiye na kifaa hicho usimpe kazi.

Lakini kabla ya kununua, pima. Wapakie watu na magunia kama siku ya kwenda sokoni. Kisha chungulia chini: pana kipande cha raba kizuiacho vyuma visigongane. Ile nafasi iliyobaki hata kufika kwenye raba ndiyo akiba yako yote barabarani. Ukishusha sentimita 3, umezitoa humo humo. Kwenye lami akiba hiyo yaweza kutosha. Kwenye njia za udongo za Hanang, masika yakiisha yakaacha mifereji ya magurudumu ya malori, sidhani. Na tangi la mafuta ya injini nalo liko huko chini, likisubiri jiwe.

Namwuliza kijana: je, wajua motokaa hii ilipataje sifa? Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 ni wa Bert Shankland wa Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Zilikuwa mbio za vumbi, mawe na matope. Sifa hiyo haikuja kwa kulala chini.

Basi fedha zako ziweke katika shokapu nne nzuri za kimo kile kile cha kiwandani. Springi za babu zisugue kutu, zitazame kama zina ufa, uzipime mbili mbili. Ya kushoto ikiwa fupi kuliko ya kulia, badili zote mbili, si moja. Ukihamia mjini penye lami, niandikie tena, tutazungumza habari za sentimita 3.